Amplifaya na spika za mtumba za Mwanjelwa, nilivyozipima kwa muziki wa filamu

Nimenunua seti ya muziki ya mtumba kwa mzee mmoja fundi redio wa Mwanjelwa: amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980, deki ya CD, na spika mbili za mbao ambazo zikisimama chini zinanifika kiunoni. Nimelipa shilingi 420,000 kwa vyote, pamoja na matengenezo ya spika. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa hapa Mbeya, na najua mpo, mnaobaki mmekaa filamu ikiisha kwa sababu majina yanapita lakini okestra bado inapiga. Kama wewe ni wa kundi hilo, seti za mzee huyu zinastahili kila shilingi. Anayetafuta kitu cha kutikisa ukumbi wa harusi anunue sabufa mpya, itamfaa zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kiko Uhindini, na muziki ninaoshonea mchana kutwa ni huo huo wa filamu. Asili ya mapenzi haya ni bendi ya matarumbeta. Nilikulia Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891, na Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka na matarumbeta yao, jua likichomoza. Nilipuliza sauti ya pili. Mtu aliyewahi kusimama katikati ya shaba zinazolia, baridi ya Rungwe inamuuma vidole, hawezi kusikia okestra ya filamu akaiacha ipite hivi hivi.

Nakusanya CD, na zaidi ya kukusanya, nalinganisha. Muziki mmoja, okestra mbili, ikiwezekana tatu. Nina kaunta buku niliyoipiga mistari kwa rula ya kukatia nguo: filamu, mtunzi, okestra, aliyeongoza, mwaka, dakika, halafu safu pana ya maoni yangu. CD zinanijia kwa mkono wa ndugu wanaotoka Dar, na nyingine nimezikuta humu humu mjini kwenye maboksi ya mitumba, zimechanganyika na vitabu vya Kijerumani na vikombe.

Watu wengi wanadhani muziki wa filamu ni ule mmoja tu uliomo kwenye filamu. Sivyo. Kwanza kuna uliorekodiwa kwa ajili ya picha. Halafu kuna wa albamu, na mara nyingi huo ni kazi nyingine kabisa. Mtunzi Henry Mancini alikuwa na mazoea ya kuurudia muziki wake studio kwa ajili ya santuri, akaupanga upya ili uwe mtamu kwa msikilizaji wa nyumbani. Sababu nyingine ni pesa. Huko Marekani, kwa kanuni za chama cha wanamuziki, kampuni ikitaka kutoa kwenye santuri muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ililazimika kuwalipa wapigaji mara ya pili. Ndiyo maana albamu nyingi za zamani haziendi mbali sana na nusu saa, na ndiyo maana baadaye kampuni nyingine ziliona nafuu kuchukua karatasi za noti na kwenda kurekodi upya Scotland au Prague. Kwangu mimi mkusanyaji hiyo ni neema, kwa sababu muziki ule ule unausikia umepita kwenye mikono tofauti.

Ila ili uisikie hiyo tofauti unahitaji chombo kinachoionyesha, na hapo ndipo Mbeya ilinitesa. Vibanda vya sinema vinaonyesha filamu zilizotafsiriwa, na sauti ya mtafsiri inakaa juu ya kila kitu. Yeye anafanya kazi yake vizuri na watu wanamfuata, lakini okestra inabaki kuunguruma kwa nyuma. Nyumbani watu wana sabufa. Sabufa imeundwa kwa besi moja inayodunda, na okestra ina besi za kila namna: kontrabesi zinazovutwa kwa upinde, tuba, timpani, tromboni ya chini kabisa. Sabufa inazitia zote kwenye chungu kimoja. Na flashi za nyimbo zinazouzwa mitaani zimebanwa mno ili ziingie nyingi, na kinachokatwa mwanzo ni ule mwangwi wa ukumbi, yaani kile kile kinachokuambia okestra imekaa wapi.

Basi, huyo mzee. Kibanda chake hakina bango. Kipo nyuma ya wauza nguo, na utakijua kwa rundo la redio zilizofunuliwa migongo na harufu ya risasi inayochomelewa. Anapokea mitumba ya redio zinazotoka Ulaya na Japani, na kitu kinachomtofautisha na wengine wote niliowahi kwenda kwao ni kwamba hauzi kabla hajafungua. Amplifaya yangu aliifungua mbele yangu, akapima kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme, moja moja kwa mita, akabadilisha zilizovimba, akapuliza vumbi la miaka yote hiyo. Spika zilikuja na sponji ya pembeni ya koni imeoza kabisa, ukiigusa inabaki kidoleni kama unga mweusi. Hilo ni gonjwa la spika nyingi za umri ule zenye sponji ya namna hiyo. Alizikata, akasafisha ukingo wa koni, akagundisha mpya, na akanikataza kuzijaribu siku hiyo mpaka gundi ikauke. Niliporudi alikuwa ameziweka chini zikitazamana na kiti, zikiwa zimeachana kwa umbali alioupima kwa futi yangu ya kushonea.

Akaniambia, "Mwanangu, mimi nitasikia kama inalia. Wewe ndiye utakayesikia kama inaimba. Lete vitu vyako."

Nikaleta. Nilianza na muziki wa Bernard Herrmann wa filamu ya Psycho ya mwaka 1960, kwa sababu una nyuzi peke yake. Hakuna tarumbeta, hakuna filimbi, hakuna ngoma hata moja ya kuficha udhaifu wa spika. Ninayo rekodi ya Royal Scottish National Orchestra iliyoongozwa na Joel McNeely, ya mwaka 1997. Herrmann mwenyewe aliurudia muziki huo mwaka 1975 na National Philharmonic kwa mwendo wa polepole zaidi, na wapo wanaoupenda ule uzito. Mimi nampenda McNeely hapa kwa sababu muziki wa hofu unataka miguu myepesi. Spika mbovu inazigeuza fidla za juu kuwa kelele ya msumari kwenye bati. Hizi zilikwaruza pale tu Herrmann alipotaka zikwaruze. Nimeshona miaka mingi kwa kusikiliza fidla kama kitambaa kimoja, na siku ile kwa mara ya kwanza niliziona nyuzi: viola chini ya fidla, selo chini ya viola, kila moja na njia yake. Mzee aliuliza kama kweli ni fidla tu humo ndani. Nilimwonyesha kijitabu cha CD.

Cha pili kilikuwa Hatari!, na hiki nilikileta kwa ajili yake. Howard Hawks aliipiga filamu hiyo Tanganyika, maeneo ya Arusha, ikatoka mwaka 1962, na muziki ni wa huyo huyo Mancini. Kile kipande cha mtoto wa tembo akitembea kila mtu anakijua hata kama hajui kimetoka wapi: kinanda cha kupulizwa kinacheza chini, na juu yake klarineti ndogo inatembea kwa madaha. Kwenye sabufa klarineti ile ni nyembamba, inachoma. Hapa ina mwili. Ukisikiliza vizuri unasikia hata pumzi. Sitakaa sana hapo, kipande chenyewe ni kifupi na ni cha kufurahisha tu, lakini mzee alikirudisha mwanzo mwenyewe.

Nitakaa kwenye Out of Africa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa.

John Barry aliupatia Oscar muziki ule, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya. Ninazo rekodi mbili: ile ya awali aliyoiongoza Barry mwenyewe, na ile ya Scotland ya mwaka 1997, McNeely tena na okestra ile ile ya Kifalme ya Scotland. Kwenye kaunta buku yangu nilikuwa nimeandika zamani kwamba hazitofautiani sana. Kwenye seti hii nimelazimika kufungua ukurasa mpya.

Barry anaandika polepole. Anaziachia fidla wimbo mrefu usio na haraka, halafu pembe za shaba zinajibu kwa chini, na ukizikosa hizo pembe umekosa nusu ya maneno. Katika rekodi yake mwenyewe pembe ziko karibu na fidla, zinajibizana uso kwa uso, na wimbo una faragha fulani, kama vile unahusu watu wawili na si bara zima. Rekodi ya Scotland ni pana. Fidla zimetandazwa kutoka spika hadi spika, pembe zimekaa nyuma zaidi, ukumbi unasikika. Kwenye kile kipande cha kuruka na ndege, pale kwaya isiyo na maneno inapoingia, upana ule unalipa. Niliwahi kupanda zile kona za Chimala kwenda Matamba na gari la viazi, na ukigeuka nyuma unaiona Usangu yote imelala chini. Rekodi ya Scotland ndiyo inayonirudishia kimo kile. Lakini kwa sehemu za mwanzo, anapokumbukwa mtu na shamba lake, narudi kwa Barry, na sidhani kama kuna atakayenihamisha hapo. Anayetaka kununua moja tu, nitamwambia anunue ya Barry. Ni fupi na ina wimbo wa kuimbwa ambao mimi huuruka, ila roho ya muziki imo humo.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu noti. Mzee akanizuia. Alisema upande wa kushoto kuna kitu kimekosekana, akataka wimbo wenye kwaya.

Nikaweka The Mission ya Ennio Morricone, ya mwaka 1986: London Philharmonic, kwaya ya London Voices, kwaya ya watoto wa shule za Barnet, na kundi la Incantation kwa vyombo vya Amerika Kusini. Kila kwaya ya huku kwetu ingepaswa kuusikia muziki huu. Habari yake ni ya Wajesuiti, wale watawa wa Kikatoliki, na Waguarani, wenyeji wa Amerika Kusini, na Morricone amefanya jambo ambalo mpaka leo silichoki: kwanza analeta zumari peke yake, halafu kwaya ya kanisa, halafu ngoma na sauti za wenyeji, na mwishowe anavipandisha vyote vitatu kwa pamoja bila kimoja kumeza kingine. Mimi niliyelelewa na tenzi za Kijerumani zilizoimbwa kwa Kinyakyusa naelewa anachokisema. Mwaka ule Oscar hawakumpa, na mimi bado inaniuma.

Mzee alisikiliza ameinama, sikio karibu na spika ya kushoto. Yeye ni mtu wa besi kwenye kwaya tangu ujana. Akasema, "Besi wa kwaya upande huu wako kwenye shimo." Alifungua spika palepale, akakuta waya wa spika ya kati umechomelewa juu juu, umepasuka. Akaurudishia risasi. Tulipoupiga tena, sauti za wanaume zilisimama zilipotakiwa kusimama. Hakudai chochote kwa hilo. Kusema kweli mimi kasoro ile sikuwa nimeisikia, nilikuwa nimezama kwenye Barry, na mfanyabiashara mwingine angechukua pesa yangu akaniaga. Kwa hiyo nikisema mzee huyu ana sikio, nazungumzia jambo nililoliona.

Tangu seti ifike Uhindini nimekuwa nikipitia shaba zangu, na hapa naomba mnivumilie.

Star Wars ya mwaka 1977 ilipigwa na London Symphony Orchestra, John Williams akiongoza. Tarumbeta ya kwanza kwenye ule mwanzo ni ya Maurice Murphy. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi kwenye okestra ile, na rekodi hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza nao. Aliendelea kuwapo kwenye filamu zote sita za mwanzo. Jambo ninalotaka kila mpuliza tarumbeta wa Tukuyu, Rungwe na Kyela alijue ni kwamba Murphy alitoka kwenye bendi ya shaba. Alikuwa mpigaji mkuu wa koneti wa Black Dyke Mills Band, bendi ya kiwanda cha nguo kaskazini mwa Uingereza. Watu wa bendi, kama sisi. Na ukiwa na spika zinazosema ukweli unaisikia bendi ndani ya sauti yake: noti inaanza pale pale, haina kusitasita, imenyooka, na hata ikienda juu haipigi kelele. Kwenye sabufa tarumbeta zote zilikuwa ukuta mmoja wa shaba. Sasa namfuata mtu mmoja.

Naiweka pembeni ya rekodi ya Vienna, Januari 2020, Williams akiwa karibu kutimiza miaka 88, mbele ya Vienna Philharmonic kwenye ukumbi wa Musikverein. Wapuliza shaba wenyewe ndio walioomba wapige ile machi ya majeshi ya dola, ya filamu ya pili ya Star Wars. Vienna wanatumia tarumbeta zenye vali za kuzunguka na pembe za aina yao wenyewe, na sauti inatoka ya giza, nzito, na ya mviringo. Baadhi ya matarumbeta tuliyopuliza kanisani yalikuwa na vali za namna hiyo, yametoka Ujerumani, kwa hiyo sauti ile naijua mdomoni kabla ya kuijua sikioni. Kwa machi, nachukua Vienna bila kufikiri mara mbili: tuba na tromboni zinakuja kwenye sakafu ya chumba, wala hazivumi. Kwa ule mwanzo wenye Murphy, hakuna aliyemfikia. Hata Vienna.

Sasa kasoro za seti, maana zipo. Kitufe cha sauti kinakwaruza ukikizungusha asubuhi, mzee alikipulizia dawa na kikatulia nusu. Deki ni ya zamani, inakataa baadhi ya CD za kuchoma, inataka zile halisi. Rimoti haipo. Umeme ukishuka jioni amplifaya inakoroma kidogo, hivyo ongeza bei ya stabilaiza kwenye hesabu yako. Mimi nilikuwa nayo tayari kwa ajili ya cherehani ya umeme. Sauti za juu kabisa, kengele na pembetatu, ni kavu kidogo kuliko ningependa. Na spika ni kubwa. Chumba kidogo kitazikataa, ukizibana ukutani besi zinavimba, zisogeze mbele angalau hatua moja.

Kwa huduma yenyewe: hakuna risiti, jina lako linaandikwa kwenye daftari na neno la mzee ndiyo dhamana. Kwangu lilitosha. Akisema kesho, hesabu keshokutwa, kwa sababu hatoi kitu ambacho hakijapoa mezani. Nenda asubuhi, saa mbili au saa tatu, kabla majirani hawajafungulia muziki wao, la sivyo hutasikia unachokipima. Beba CD zako mwenyewe unazozijua vizuri, na usione haya kumwomba arudie. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza ndani, koili, yaani waya uliosokotwa nyuma ya koni, huenda imeungua, achana nayo. Kubadilisha sponji peke yake anachukua 25,000 kwa spika moja kama una zako nyumbani. Anahamisha pia kanda za zamani kwenda kwenye flashi bila kuzibana, na nimeshampelekea kanda ya bendi yetu ya Rungwe, imetoka safi.

Amebakiwa na jozi nyingine ya spika, ndogo kuliko zangu, zinazofaa chumba cha mpangaji. Na juu ya kabati kuna mashine ya santuri nzima kabisa, mkanda mpya, inasubiri sindano tu. Mimi nina santuri za kuijaribu. Namba ya sindano mzee ameniandikia kwenye karatasi, kwa hiyo kama kuna anayeshuka Dar hivi karibuni na anajua wanakouza, apite Uhindini nimpe, nauli ya bajaji kutoka Kabwe nitamrudishia.